Dali, Wau, Alifu

Mwaka wa nne, darasa la maandishi ya kale
lilibaki na watu watatu na feni isiyozunguka.
Wenzetu walihamia ununuzi na ugavi,
wakatuaga kama watu wanaolazwa hospitalini.
Mama, sokoni Luanda, akipima omena kwa gorogoro,
aliuliza mara moja tu:
"Hiyo tasnifu, Apondi, inaliwa na nini?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Nilichokuwa nacho ni kurasa kumi na moja
za nyumba moja ya Mumias, nyuma ya msikiti:
wino wa kahawia, hati ya Kiarabu, maneno ya Kiswahili,
mtunzi mwanamke asiyetaja jina lake,
ila kwamba miguu imemvimba tangu pwani.
Mchwa walikula beti za mwanzo.
Zilizosalia, mjukuu wa nyumba, Rajabu,
kwa nia njema kabisa,
alizipeleka saiba zikatiwa plastiki,
zing'ae kama kitambulisho.

Ubeti wa hamsini na tatu ndio ulionifunga.

    Mume wangu kasafiri
    nikangoja alfajiri
    jibu likaja kwa siri
    ameniachia

na hapo dali, wau, alifu.

Hati ile ni bahili. Haitengi u na o,
na dali moja hubeba d, hubeba nd, bila kulalamika.
Soma dua. Soma doa. Soma ndoa.
Mizani nane, nane, nane. Kina kile kile.
Ameniachia dua: namwona kwenye mswala, ametulia.
Ameniachia doa: mtaa mzima unanong'ona.
Ameniachia ndoa,
yaani aibebe peke yake, pande zote mbili,
kama meza inayohamishwa na mtu mmoja.

Juu ya dali kuna nukta.
Au si nukta, ni mavi ya nzi.
Kama ni wino, mwandishi alitaka ndoa.
Kama ni nzi, basi nzi naye
ameandika doa kwa njia yake.
Kidole changu huteleza juu ya plastiki,
hakihisi kitu.

Miezi mitatu. Maktaba ya Maseno,
mvua ya saa tisa ikipiga mabati,
mlinzi Osundwa akinizimia taa ya mwisho
bila hata kunisalimu.
Nikaandika tanbihi ya kurasa mbili
nikizitetea zote tatu.
Daktari Shiundu akaikata kwa kalamu nyekundu:
"Chagua. Mtahini hapewi menyu."

Jumamosi nilimsomea Mama ubeti.
Alikuwa akifua blauzi yangu ya siku ya utetezi,
anasugua kola.
Akaniomba nirudie mstari wa mwisho.
Nikaurudia, nikaacha pengo.
Hakulijaza.
Aliendelea kusugua, na ile pete yake
ambayo hajaivua tangu Baba aende Kericho
ikawa inagonga karai.

Jumatatu umeme ulirudi saa kumi na nusu,
mwisho wa kuwasilisha ni saa kumi na moja.
Nikachapa dua.
Inateteka: imetajwa katika beti nyingine nne,
na wazee wa jopo hupenda mwanamke anayeomba.
Walinipa alama nzuri. Walinishika mkono.
Mmoja akauliza kama ninajua kazi yoyote
iliyotangazwa.

Nakala ya maktaba ina jalada jeusi, herufi za dhahabu.
Yangu iko chini ya kitanda, na viatu.
Ukurasa wa thelathini na nane,
usiku mmoja, kwa penseli,
nilitia nukta juu ya dali,
hafifu,
ambayo mwingine akiiona
atadhani ni nzi.